Tambi za Mwani kwenye Sinia la Idi

Mtoni, Idi mosi, alasiri.

Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika kabla ya swala, na sasa kuna kijua cha masika, kile kisichokausha hata kitambaa. Sinia nimeliosha mwenyewe, nimeliegemeza ukutani. Nimekaa kwenye kigoda karibu nalo na vidole bado vinanukia iliki.

Sijui niseme nina furaha au vipi. Nimechoka, hilo nalijua. Nimebeba kitu kizito miezi mingi, leo nimekitua, na mabega bado yanauma.

Naandika sasa hivi kabla mtaa haujaanza kuyasimulia unavyotaka wenyewe. Mtaa huu naujua, na mdomo wake naujua, maana na wa kwangu si haba.

Tangu mdogo wangu Zuhura arudi nyumbani, hakuna mtu aliyekula naye sahani moja.

Si majirani tu. Hata mie, dada yake wa tumbo moja, nilikuwa napakua changu nasema nina haraka, nawahi gengeni kwangu kuuza. Haraka gani hiyo ya kila siku?

Alirudi mwanzoni mwa mwaka jana. Mumewe alimleta kutoka Kibamba pamoja na sanduku lake la nguo, akasimama uani, hata kiti hakukitaka. Alimwambia Baba kwamba amevumilia vya kutosha. Mke kila siku tumbo, kila siku chooni, mimba hazikai, mwili umekwisha, na yeye bado kijana, anataka kuishi. Baba akamshukuru kwa kumleta. Sijui adabu ile aliitoa wapi. Ningekuwepo mie, yule bwana angesahau njia ya kurudi kwao.

Zuhura alikuwa amebaki mifupa. Gauni alilovaa nililijua, nilimchagulia mwenyewe kwenye mitumba alipoolewa, na sasa lilikuwa linamning'inia mabegani. Na siku hizi mtu akikonda ana ugonjwa mmoja tu. Hakuna anayeutaja. Watasema amekanyaga waya, watasema maradhi haya ya kisasa, au watanyamaza wakuangalie kwa huruma mpaka utamani watukane.

Tulimpeleka akapimwa damu. Safi. Tukampeleka kwingine, safi vilevile. Mama akazunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu, na watu wakamwitikia vizuri kabisa, alhamdulillahi, Mungu mkubwa. Akishatoka wanasema majibu siku hizi yananunuliwa, kwani si kila kitu sasa ruksa?

Daktari aliyetuambia ukweli ni mtu mzima, yuko kwenye zahanati moja ya binafsi huku Temeke, hizi zilizoanza kufunguliwa juzijuzi. Hakuanza na sindano. Alimuuliza Zuhura anakula nini, asubuhi mpaka jioni. Chai na mkate, alisema. Chapati. Maandazi. Tambi akizipata. Daktari akamgeukia Mama, akauliza mtoto huyu alikuwaje ile miaka ya foleni, madukani hakuna kitu.

Mama akaanza kusimulia ile shida kama anavyoipendaga kuisimulia. Ngano tulikuwa hatuioni. Tulikuwa tunakula muhogo, tunakula ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na mchele ukipatikana anatukaangia vitumbua. Halafu akamgeukia Zuhura. Nilimwona anakumbuka. Miaka ile sie wote tulikonda, Zuhura peke yake ndiye aliyekuwa na mashavu, na tulimwitaga Bonge.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa, mikate ikarudi, tambi za pakiti zikaja kutoka nje kwa majina tusiyoweza kuyasoma. Mama kwa furaha ya shida kwisha akawa anamjazia Zuhura sahani. Tulimlisha mpaka akakonda.

Daktari alitueleza taratibu. Ndani ya ngano kuna kitu kinachoufanya unga uvutike ukiukanda, na tumbo la Zuhura halikiwezi. Kinamchubua ndani, chakula kinapita bila kumnufaisha, na hata zile mimba huenda ziliharibika kwa ajili hiyo. Dawa ni kuacha ngano maisha yake yote, hata chembe. Wali ale, ugali ale, ndizi, muhogo, dengu. Basi.

Nilitoka pale natembea na furaha yangu. Nikajua yamekwisha.

Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Hata chembe maana yake sufuria yake, mwiko wake, sahani yake, kikombe chake. Na mtu anayetengewa vyombo, hapa kwetu, watu wameshamsoma. Mama Chausiku, jirani tunayepakana naye ukuta kwa ukuta, alimshika Mama mkono akamwambia wamefanya vizuri kumtengea, ndivyo inavyotakiwa, na ajipe moyo. Alisema kwa huruma ya kweli. Sikulala vizuri siku ile. Dawa yenyewe ilikuwa imewapa watu ushahidi.

Na mwili ulianza kurudi, wallahi ulirudi. Shingo ikajaa kidogo. Nywele zikaacha kukatika. Hakuna aliyetaka kuona.

Sasa nieleze habari ya tambi, maana kwetu tambi si chakula tu. Asubuhi ya Idi, watu wakishatoka kuswali, Mama anatandika mkeka barazani na kuweka sinia moja la tambi za nazi, zina sukari, iliki na zabibu. Baba anakaa, sie tunamzunguka, na kabla hajala yeye anatulisha tonge la kwanza, mmoja mmoja, kwa mkono wake. Mie nina watoto wangu na bado nafungua mdomo. Halafu wanaingia wanaotoa mkono wa Idi, na anayekuja hatoki mpaka ale tonge kwenye sinia lile. Kukataa tambi za barazani kwetu ni kuitukana nyumba.

Idi kubwa iliyopita Zuhura alikaa chumbani na wali wake. Baba alitulisha sie, akafika pale anapokaaga Zuhura, mkono ukasimama hewani na tonge lake. Alilirudisha kwenye sinia. Hakula tena asubuhi ile.

Mwani uliletwa na Mama Mdogo Tatu, mdogo wake Mama aliyeolewa Unguja, upande wa mashariki. Kule wanawake siku hizi wanalima mwani baharini maji yakitoka, wanaufunga kwenye kamba zilizovutwa kati ya vijiti, wanaukausha, wanawauzia matajiri wanaoupeleka ng'ambo. Alikuja kumwona mgonjwa akaleta kipolo kimoja cha mwani mkavu ili atuonyeshe kazi iliyomharibu mgongo. Akatuambia hapo kwao hakuna anayeula, lakini mnunuzi wao aliwaambia kuna nchi za mbali watu wanaupika wanautengeneza tambi. Alisema huku anacheka.

Mama hakucheka. Aliingia ndani akatoka na mashine yake ya shaba, ile anayokamulia tambi za dengu.

Tuliuloweka mwani, tukabadilisha maji mara nyingi mpaka harufu ya pwani ikapungua. Tukauchemsha na maganda ya ndimu ukayeyuka ukawa uji mzito, tukaumwaga kwenye sinia, ulipopoa ukaganda. Ndipo tukaukata vipande tukavisukuma kwenye mashine, zikatoka nyuzi nyeupe unazoweza kuonea upande wa pili. Nilishangaa, nakiri. Zilikuwa tambi haswa.

Mama akazimwagia tui la moto na zote zikayeyuka. Tulibaki na supu ya nazi. Zuhura alicheka mpaka akashika ukuta, na ile ndiyo mara ya kwanza kumsikia anacheka tangu arudi. Mara nyingine Mama akaacha tui lipoe kwanza, tambi hazikuyeyuka, ila zilishikana zote bonge moja. Tukaenda kumuuliza daktari kama kuna ubaya, akasema mwani hauna ngano, una madini mazuri, mradi tuuoshe chumvi vizuri na asile kupita kiasi. Alitaka hata kuonja.

Mwishoni mwa mwezi wa Shaabani tukazikamulia kwenye sinia badala ya sufuriani, zikatoka sawasawa. Uzi mmojammoja, hazishikani. Zuhura akala sahani nzima amekaa jikoni na sie, akasema zinakaribia, Mama, zinakaribia kabisa. Kesho yake tumbo likamkamata. Alilala wiki nzima, macho yakaingia ndani, na Mama Chausiku akaja kutuuliza kwa sauti ya chini kama tumeshamwita shehe wa kumsomea.

Niliulaumu mwani. Nilimwambia Mama aache, mtoto ale wali wake, kwani tambi ni faradhi? Mama alikaa kwenye mbuzi ya nazi akaanza kunionyesha alivyofanya, hatua moja baada ya nyingine, anataka tutafute kosa. Hapa niliosha. Hapa nilichemsha. Hapa nikakamua. Na alipofika kwenye kukamua, mkono wake wa kulia ukiizungusha mashine ambayo haikuwepo, nikauona wa kushoto unakwenda pembeni wenyewe, unachota kitu, unanyunyiza chini.

Alikuwa ananyunyiza unga wa ngano kwenye sinia, ili tambi zisishikane. Ndivyo alivyofundishwa akiwa mwari, na amefanya hivyo umri wake wote. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake siku ile na mie sikuuona mkono wake, kwa kuwa nimeuona hivyo tangu nizaliwe.

Mama alikiangalia kile kiganja. Akaanza kulia bila sauti.

Zuhura alisikia yote kutoka chumbani. Alituita, tukaingia, akasema, "Mama, usilie, hukukusudia. Ila Idi mie nitakaa humuhumu ndani. Nyie kuleni."

Hakusema kwa hasira, na ndilo lililotumaliza.

Asubuhi yake Mama alitoa kila kitu cha ngano ndani ya nyumba. Unga, mkate, pakiti za tambi alizoweka za Idi, vyote akavigawa. Sinia akalisugua kwa majivu, akalisugua tena. Mashine akaifungua kila kipande, akaichemsha. Akatutangazia kwamba Idi hii nyumba nzima itakula anachokula Zuhura, asiyetaka akale kwao. Na unga wa kunyunyiza utakuwa wa mchele, na mie nitakaa upande wa kushoto wa mkono wake niulinde. Nilikaa. Mkono ulikwenda pembeni kama kawaida, ukakuta mchele.

Baba hakusema kitu. Baba amefanya kazi bandarini mpaka akastaafu na sijawahi kumsikia akibishana na mtu. Tatizo la mtu asiyesema ni kwamba hujui yuko upande gani. Nilikuwa nimeona kwamba na yeye ana kikombe chake, anakiweka juu ya kabati, peke yake.

Sasa leo.

Wameswali, wamerudi. Mkeka umetandikwa, sinia liko katikati, tambi zinang'aa kwenye tui. Zuhura ametoka chumbani amevaa kanga mpya, amejipaka wanja, amekaa pale anapokaaga tangu utotoni. Mikono ameifumbata mapajani. Mie nilisimama mlangoni nimeshika birika la kunawishia, na niseme ukweli, nililing'ang'ania lile birika kwa sababu mtu mwenye birika hatakiwi kukaa.

Majirani waliingia hata Baba hajatulisha, nafikiri walikuwa na hamu ya kuona. Shikamoo, marahaba, Idi mubaraka. Mama akawakaribisha tambi. Wa kwanza akasema ameshiba huko alikotoka. Wa pili akasema tumbo lake halijatulia tangu jana. Mama Chausiku akasema na yeye ameshiba, akajifanya anatengeneza mtandio. Wote walisimama pale kwenye ngazi za baraza na hakuna aliyeondoka na hakuna aliyekaa. Tambi ziko pale. Zuhura ameinamisha kichwa anazitazama, na nikaona jinsi anavyopumua, ndogondogo, kama mtu anayejizuia kukohoa.

Nilimchukia kila mtu pale. Nilijichukia na mie.

Baba alivua kofia yake akaiweka pembeni. Akaninyooshea mikono, nikamnawisha. Nilijua anataka kutulisha, na nikaanza kuogopa atafika kwa Zuhura afanyeje, atamrushia tonge bila kumgusa au atamruka. Lakini hakuchukua tonge. Alisogea kwenye mkeka mpaka magoti yake yakagusana na ya Zuhura.

"Miaka yote nimewalisha mie," alisema, na sauti yake ikafika mpaka kwa wa nyuma. "Leo nilishe wewe, mwanangu."

Zuhura hakuelewa. Ikabidi Baba afungue mdomo. Mzee mzima na mvi zake, mbele ya mtaa, amefungua mdomo anasubiri.

Nilimnawisha Zuhura na maji nusu yakaenda kwenye mkeka. Alichota tambi kwa vidole, tui linamchirizika mpaka kwenye kiwiko, akamtia Baba mdomoni. Baba akatafuna taratibu. Kisha akaushika ule mkono wake, akaviramba vile vidole, kimoja kimoja, kama tunavyowafanyiaga watoto wachanga.

Niliweka birika chini. Nikakaa, nikatia mkono kwenye sinia palepale Zuhura alipotoa wake. Tambi zilikuwa baridi, laini, zina utamu wa nazi na kwa mbali sana chumvi ambayo hatukuweza kuimaliza. Nilikula nalia na sikujali kamasi.

Wengine waliaga wakaondoka. Waende. Lakini Mama Chausiku alibaki amesimama peke yake kwenye ngazi. Mtaa mzima tunajua alimzika Chausiku, mtoto wake wa pekee, na tunajua kwa ugonjwa gani, ingawa mazishini tuliambiwa malaria. Alivua ndala. Akapanda barazani akakaa upande wa pili wa Zuhura, akatia mkono, akafinyanga tonge. Halikwenda mdomoni.

"Mie Chausiku wangu nilimtengea sahani," alisema. "Mpaka anakufa alikula peke yake."

Zuhura akamshika kifundo cha mkono, taratibu, akausaidia ule mkono kufika mdomoni.

Nimekaa hapa nafikiria. Sie tumehangaika mwaka mzima kuthibitisha kwamba Zuhura hana ule ugonjwa, tumepima, tumeapa, tumechemsha mwani. Na kama angekuwa nao? Tambi zingekuwa zilezile, sinia lilelile. Hata kwenye redio wanasema hauambukizi kwa kula pamoja, na mie nilikuwa naisikia ile redio kila siku pale gengeni. Chausiku alikuwa nyuma ya ukuta huo, ananiitaga dada, na sikuwahi kuvuka kwenda kula naye hata kipande cha muhogo.

Zuhura amelala sasa, ameshiba, tumbo limetulia. Nimechungulia mara mbili. Kikombe cha Baba kile cha juu ya kabati nimekikuta kwenye beseni pamoja na vya wote, sijui nani amekishusha na sitauliza.

Mwani wa kesho nimeshauloweka. Mama Chausiku amesema atakuja mapema, anataka kufundishwa kukamua, na Mama ameniambia nikae kushoto kwake pia, maana na yeye mkono wake una mazoea.